Nani Amsindikize Mlevi Akitoka Mirembe?

Nikitaja vikundi vya walioacha pombe hapa Dodoma, iwe msibani au kwenye jumuiya, jibu huwa lile lile: hayo ni mambo ya kizungu. Mlevi anahitaji Mungu, ndugu zake na kazi. Ukimkalisha na walevi wenzake unamrudisha alikotoka. Wengi wanaosema hivyo wamebeba mzigo kweli. Wamelipa madeni ya kilabuni, wamefunga na kuomba, wamelea watoto wa ndugu aliyeshindwa. Nawaheshimu. Lakini wanakikataa kitu ambacho hawajakaa karibu nacho.

Wana hoja mbili nzito. Kwanza, kikundi si hospitali. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikata ghafla, arosto yake si ya mchezo: anatetemeka, jasho linamtoka, anaweza kupata kifafa, na siku ya pili au ya tatu akachanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Wengine hufa. Huyo aanzie kwa daktari, na sisi tunayo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo tangu 1927. Bahati mbaya jina lake tumeligeuza tusi. Mtumishi wa Serikali pale Mtumba aliyeanza kuzimua kila asubuhi hatashuka kwenye lango lile mchana kweupe.

Hoja ya pili ni siri. Mji umekua sana tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, ila bado ukikaa kwenye duara la viti unaweza kukutana na mtu wa ofisini kwako. AA (Alcoholics Anonymous), vuguvugu la vikundi hivi lililoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, lina desturi ya kutotajana nje, na wengi hutumia jina la kwanza tu. Desturi hiyo haina polisi wa kuilinda. Inalindwa na jambo moja: anayekuona pale, naye yupo pale. Na tuseme ukweli, siri ipi? Mtaa mzima ulishamwona akishushwa kwenye bodaboda saa nane usiku.

Sasa nije kwenye takwimu ambayo siachi kuifikiria. Mwaka 2020 jopo la Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, lilipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Katika kila watu 100 waliounganishwa na AA, 42 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja. Kwa waliopata tiba nyingine, 35. Watu husikia 42 wakauliza: na hao 58? Swali halali, na tafiti nyingi zilifanyika Marekani, si Ugogoni. Lakini hebu tazama hao waliolinganishwa nao. Hawakuachwa mikono mitupu. Walipata tiba za kitaalamu, zikiwemo za ushauri nasaha. Likilinganishwa na hiyo tiba ya wasomi, duara la walevi wa zamani, lisilodai hata shilingi ya kiingilio, likaongeza watu saba katika mia. Saba ni familia saba.

Tena neno lenyewe ni "waliounganishwa". Hawakuambiwa tu langoni, "nenda katafute kikundi." Mhudumu aliwaeleza kinavyokwenda, akawahimiza kuhudhuria, akafuatilia. Hapo ndipo tunapodondokea. Mgonjwa anatolewa sumu mwilini, anaruhusiwa, anapanda daladala, na kufika Ijumaa saa kumi na moja jioni hana wa kumpigia simu isipokuwa wale aliokuwa akinywa nao.

Kwa Mgogo jambo hili lina uzito wake. Pombe ya mtama ilikuwa ndiyo shukrani kwa majirani waliokuja kukulimia. Kuikataa kata ya pombe ni kama kuwakataa watu. Kwa hiyo anayeacha anapoteza kinywaji na wenzake kwa siku moja. Kanisa litamwombea, na ndugu watamlinda kadiri wanavyoweza, lakini wa kumwambia "mimi nami jana saa hii mate yalinijaa mdomoni" lazima awe aliyekunywa.

Wanaosema kikundi kina udini wasome vizuri: zile hatua 12 za AA za kuacha pombe zinamtaja Mungu kama kila mmoja anavyomwelewa. Namfikiria Mwislamu wa Kondoa anayekunywa kwa kificho. Ni vigumu mno kwake kusimama mbele ya msikiti na kulitaja hilo, lakini kwenye duara anaweza.

Anayenipa shida ni mama anayepika pombe ili alipe ada, na taratibu akaanza kuonja kupita kiasi. Mtungi upo jikoni kwake, wateja wanakuja mlangoni, na kwenye duara lililojaa wanaume hatafungua mdomo. Al-Anon ipo tangu 1951 kwa ajili ya jamaa wa mnywaji, lakini mnywaji hapa ni yeye. Anahitaji wanawake wenzake wakutane naye mchana, wakati watoto wako shule, na kipato kingine kabla hajauvunja mtungi. Muuguzi wa zahanati ya kijiji, ambaye tayari anamwona kila mwezi akileta mtoto kupimwa uzito, angeweza kuwa wa kwanza kumuuliza faraghani, kisha akamshika mkono na kumpeleka.