Zima Gari, Hatujafika!

Siku niliyonunua bima ya bredauni, ile ya kuokolewa gari likiharibika, nilijiona mjanja kuliko wote. Kulikuwa na ngazi nne. Ya kwanza, fundi anakufuata barabarani. Ya pili, akishindwa, gari linavutwa hadi gereji. Ya tatu, wanakuja mpaka nyumbani. Ya nne ni ya wakubwa: unapewa gari la kuazima au chumba cha kulala huku lako likitengenezwa. Kila nilivyopanda ngazi, ndivyo mkono ulivyozidi kuwa mzito.

Nikachukua ya pili. Ya tatu niliicheka kabisa. "Gari likizimikia nyumbani, si tayari niko nyumbani?" nikamwambia mke wangu. "Nani anaokolewa sebuleni?" Akaniuliza kama nimesoma masharti. Nikamjibu nimesoma. Nilikuwa nimesoma jalada.

Siku ya 9 tangu niinunue bima, asubuhi, nimevaa, nimenyoosha, nina kikao. Nazungusha ufunguo: tik-tik-tik-tik. Taa za dashibodi zikafifia kama macho ya mtu mwenye usingizi. Taa ya ndani ilikesha inawaka, na nani aliyeiacha, tusiingie huko. (Ni mimi.)

Nikapiga simu kwa sauti ya mtu aliyelipa.

"Gari liko wapi, ndugu mteja?"

"Uani kwangu."

"Pole sana. Huduma yako inaanzia mita 400 kutoka kwenye anwani uliyoandikisha."

"Na nikiwa mita 399?"

"Utakuwa bado nyumbani."

Mtu mwenye akili angeazima nyaya kwa jirani, akabusti betri, akaenda kazini. Mimi nilikuwa nimelipia huduma, na nilitaka huduma yangu. Nikamgongea mzee wa nyumba ya mbele.

"Shikamoo mzee. Naomba vijana wako wanisaidie kusukuma."

"Marahaba. Mnalisukuma liwake?"

"Hapana, mzee. Tunalipeleka mbali."

Akanitazama kidogo, akavaa viatu, akaja mwenyewe. Nadhani hakutaka kuhadithiwa.

Mimi usukani, vijana wawili na mzee nyuma, mke wangu mbele na simu mkononi anasoma umbali. "Mia moja na ishirini!" Vijana wanahema. "Mia mbili!" Mzee akauliza kama tunahama. Tulipofika kama mita 310 barabara ikaanza kushuka, gari likashika kasi, nami kwa mazoea ya miaka mingi nikaingiza gia namba mbili na kuachia klachi. Gari likajikwaa, likakohoa, likanguruma. Limewaka!

Vijana wakashangilia. Mzee akapiga makofi. Mimi nikazima.

"Umezima?" mzee akauliza.

"Hatujafika, mzee. Bado mita 90."

Kimya kilichofuata sitakisahau. Mzee alinitazama mimi, akalitazama gari, akanitazama tena, kama anayetaka kujua ni kipi kati yetu kimeharibika. Kisha, kwa heshima zake, akarudi nyuma ya gari akaendelea kusukuma. Mteremko nao ukaisha. Mita zile za mwisho zilikuwa tambarare.

Fundi alifika baada ya saa moja na nusu. Akafungua boneti, na kumbe vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani, kama ukungu kwenye mkate wa wiki iliyopita. Akavisugua kwa brashi ya waya, akaunga nyaya zake, gari likawaka papo hapo. Dakika kumi hazikutimia.

"Lilizimikia hapa hapa?" akauliza huku akijaza fomu.

Mke wangu akatazama mawingu.

"Mara ya mwisho lilizima pale nyuma kidogo," nikasema. Si uongo.

"Hili ni la gia ya mkono, kaka. Pale mteremkoni mngelisukuma tu, lingewaka."

Mzee akakohoa kikohozi kirefu sana. Fundi akaongeza kwamba betri imechoka, ninunue nyingine, na kwamba mkataba unalipia kuliamsha gari, haulipii kifaa.

Usiku huo, kwa hasira, ndipo nikasoma masharti kwa mara ya kwanza. Nikakutana na kifungu kitamu: siku 14 za kutafakari, ukivunja mkataba ndani yake unarudishiwa fedha yote. Nami niko siku ya 9! Asubuhi nikapiga simu, nikakisoma kifungu kwa madaha.

"Ni kweli, ndugu mteja," dada akasema. "Endelea na mstari unaofuata."

Mstari unaofuata: *isipokuwa kama huduma imeshatumika.*

"Basi vunja tu. Msinirudishie kitu, ila nisilipe tena."

"Unalipa kila mwezi, ila mkataba ni wa mwaka. Ukivunja baada ya kuhudumiwa, unamalizia awamu zote 11 zilizobaki."

"Kwa hiyo nikiondoka nalipa 11, nikibaki nalipa 11?"

"Ndiyo. Ila ukibaki, fundi anakuja."

Yaani kama ningeazima zile nyaya, fedha yangu yote ingerudi mfukoni. Nikauliza kwa unyonge kuhusu ngazi ya tatu. Inaongezeka, akasema, ila inaanza kazi baada ya saa 24, na nisisahau kwamba mkataba unajihuisha wenyewe mwaka ukiisha nisipowaarifu mapema. Tarehe hiyo nimeiandika kwa wino mwekundu mlangoni pa friji. Mke wangu ameizungushia duara.

Betri mpya nimeiweka. Gari sasa linawaka kwa mguso mmoja, bila hata kukohoa, miezi yote hii ninayolipa. Kila asubuhi nikitoka getini mzee yupo barazani kwake, ananipungia mkono.

"Leo mita ngapi?"