Pomboo wa Kizimkazi: mtalii kawaokoa, sasa anawachosha

Mpaka miaka ya 1990, pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, alikuwa chambo. Alichomwa kwa chusa, akakatwa vipande, nyama yake ikatiwa kwenye ndoana za papa. Kilichokomesha uwindaji huo ni hesabu kuliko huruma: watalii walianza kuja kumtazama, na kijiji kikaona kwamba pomboo aliye hai anauzika kila asubuhi, ilhali aliyechomwa anauzika mara moja. Anayesema utalii ni balaa tupu kwa visiwa vyetu aanzie hapo.

Kisha aende Kizimkazi asubuhi moja ya msimu wa wageni. Boti ya kwanza kuona pezi haikai nalo peke yake. Nyingine zinakaza mashine, moja inawakatia pomboo njia kwa mbele, nahodha anapiga kelele "Ruka! Ruka!" na wageni wenye miwani ya kuzamia wanajitupa katikati ya kundi. Pomboo wanazama, wanaibukia mbali. Boti zinageuza. Mchezo unaanza upya.

Kwa mgeni ni dakika chache. Kwa pomboo ni kila siku. Watafiti waliowafuatilia waligundua kwamba boti zikiwapo hupumzika kidogo na kusafiri zaidi. Kundi lenyewe ni dogo: makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa aina inayoonekana zaidi yalikuwa kati ya 136 na 179, na jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka kadhaa.

Wenye boti nao wana hoja, tena nzito: jarife. Nyavu hizo hunasa pomboo wakafa kwa kukosa pumzi, na huko hakuna mtalii wa kulaumiwa. Nakubali. Ila kundi linalopunguzwa na nyavu usiku ndilo lenye haja kubwa zaidi ya kuachwa mchana.

Wengine hutaja kisiwa kidogo cha Chumbe, ambako uvuvi kwenye mwamba umefungwa tangu 1994 na wageni wanalala katika nyumba 7 tu, kwa bei ya juu. Matumbawe yake yanapendeza mno. Lakini Chumbe haina kijiji. Kizimkazi ina watoto wa kwenda shule na mikopo ya mashine za boti.

Miongozo ya kuwakaribia pomboo ipo: boti chache, mwendo wa pole, kutowakatia njia. Inavunjwa kwa sababu mgeni ameuziwa "kuogelea na pomboo", na bakshishi ya nahodha iko kwenye kule kuruka. Mimi ningefuta kuruka kabisa, ikauzwa safari ya kutazama tu. Msimu wa kwanza wageni wengine watahamia kwingine, na hasara hiyo haifai kumwangukia nahodha peke yake wakati hoteli zinazomletea wateja zinaendelea kujaa. Ada wanayolipa wageni kwa hifadhi ya Ghuba ya Menai, ambamo Kizimkazi imo, ingeanza kumfidia yeye.