Hermione: nani alishinda Puerto Cabello?

Wahispania hawakufyatua hata mzinga mmoja kuipata manowari ya Kiingereza Hermione. Waliletewa na mabaharia wake wenyewe. Septemba 1797, karibu na Puerto Rico, nahodha Hugh Pigot aliapa kumchapa viboko atakayekuwa wa mwisho kushuka milingotini. Vijana watatu walishuka kwa pupa, wakaanguka wakafa. Pigot akaamuru maiti zitupwe baharini. Muda si muda mabaharia wakaasi, wakamuua yeye na maofisa wake wengi, wakaikabidhi meli kwa adui, yaani Wahispania, katika bandari ya La Guaira, Venezuela ya leo.

Ikabatizwa Santa Cecilia. Oktoba 1799 ilikuwa imetia nanga Puerto Cabello, bandari nyingine ya pwani hiyo, chini ya ngome, na usiku Kapteni Edward Hamilton wa meli ya Surprise (yenyewe ilinyang'anywa Wafaransa mwaka 1796) akaivamia kwa mashua zenye watu wapatao 100, akatoka nayo bandarini. Taarifa ya Waingereza inataja Wahispania 119 waliouawa, na kwao hakuna hata mmoja. Aliyehesabu ni mshindi, kwa hiyo mimi naipokea kwa tahadhari.

Wanaomsifu Hamilton wana hoja nzito. Mwaka ule ule wa maasi ya Hermione, mabaharia wa vituo vya kutia nanga vya Spithead na Nore nao waligoma, England kwenyewe. Jeshi la majini lililotikiswa hivyo lisingeweza kuiacha meli yake ikipepea bendera ya adui. Hofu ilihitaji kurudishwa, na ilirudi: waasi walisakwa kwa miaka, 24 wakanyongwa.

Lakini kilichorudi ni mbao na mizinga. Kwanza meli iliitwa Retaliation, kisha Retribution, majina mawili ya kisasi, na mwaka 1805 ikavunjwa. Kuhusu kiburi cha Pigot, ambacho ndicho kilichoipoteza, sioni dalili kwamba wakubwa walijifunza lolote. Maana waasi walikuwa wauaji, sawa, ila huwezi kunyonga sababu ya uasi.

Hamilton mwenyewe alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1802 mahakama ya kijeshi ikamfukuza kazi kwa kumfunga mkuu wa mizinga wa meli yake kwenye kamba za mlingoti. Miezi michache baadaye akarudishwa, na mwishowe akawa admirali.