Anayeua betri ya gari la umeme ni mwenye gari

Kauli ya kwamba gari la umeme halina sevisi huuzwa pamoja na gari lenyewe, na mara nyingi ndiyo inayoliua. Kweli, hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna chujio la dizeli. Lakini kazi haikwisha, imehama. Zamani ilikuwa ya fundi, kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Sasa ni ya mwenye gari, na inamdai kila anapoegesha.

Nazungumzia vile vigari vya mwendo mdogo: vinavyobeba wageni hotelini, mizigo kwenye maghala, wachezaji viwanjani kwenye gofu, na siku hizi hata watu wanaokwenda dukani na kurudi. Marekani iliviwekea daraja lake la kisheria mwaka 1998, mwendo wake wa juu ukiwa kati ya kilomita 32 na 40 kwa saa. Vingi bado vinatumia betri za risasi na asidi, nne za volti 12 au sita za volti 8, zilizofungwa mfululizo ili zitoe volti 48. Gari kubwa la kisasa lina kompyuta za kumlinda mwenyewe dhidi ya uzembe wake. Kigari hiki hakina huruma hiyo.

Tuanze na kuchaji. Wapo wanaoamini kwamba betri lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe. Imani hiyo ni mabaki ya enzi za betri za nikeli, na kwa betri ya risasi ni sumu. Umeme unapotoka, salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba ya risasi yaliyo ndani ya betri. Ukichaji mapema inayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha betri tupu kwa wiki kadhaa, salfeti hiyo inakomaa kuwa chembe ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya bamba umeshaipoteza. Kwa hiyo umeendesha leo, chaji leo, hata kama umetembea kidogo, na uiache hadi chaja ikate yenyewe. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7, ikisoma 12.1 au 12.2 imebaki nusu, na ulipaswa kuwa umeshafika kwenye chaja. Mshale wa dashibodi mimi siuamini. Nunua mita ya kupimia volti kabla hujanunua rimu za kung'aa.

Halafu maji. Hapa ndipo nawaona hata mafundi wazoefu wakikosea. Mtu anafungua vifuniko, anajaza hadi pomoni, kisha anachomeka chaja. Wakati wa kuchaji majimaji ya ndani yanatanuka na kuchemka kwa gesi, yanafurika, na yanayomwagika ni asidi. Kesho anajaza tena maji. Baada ya muda betri ina asidi nyepesi ndani, na nje vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, vimeota ukungu wa kijani na mweupe, mpaka trei ya chuma inayozishika inaoza. Utaratibu ni chaji kwanza, maji baadaye, ukiishia chini kidogo ya shingo ya tundu. Ila ukikuta mabamba yako wazi, yafunike tu kwa maji kabla ya kuchaji, mengine uongeze mwisho. Na yawe maji yasiyo na madini wala asidi. Kinachopungua kwenye betri ni maji yanayogawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Asidi inabaki ndani, kwa hiyo kuongeza asidi ni kuiunguza. Haidrojeni hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka, na ndiyo maana sigara na chumba kisicho na dirisha havifai karibu na chaja.

Sasa jambo linalowapotezea watu fedha kuliko yote. Gari linachoka mlimani, fundi analitazama dakika mbili, hukumu inatoka: betri zote zimekufa, leta seti mpya. Labda. Lakini kwenye mfululizo, betri moja mbovu inazivuta zote, na waya mmoja uliolegea unaleta dalili zilezile. Chaji hadi mwisho, acha gari lipumzike saa kadhaa, kisha pima kila betri peke yake na uandike. Baadaye mtu mwingine aendeshe akiwa na mzigo huku ukipima tena, au, kama hilo ni la hatari, pima mara tu linaporudi. Ile inayoporomoka wakati wenzake wamesimama ndiyo mwizi wako. Kisha gusa nyaya kwa uangalifu: kiungo chenye joto kuliko vingine kimelegea au kimeliwa na kutu. Safisha kwa magadi soda na maji, vifuniko vikiwa vimefungwa, suuza, kausha, kaza. Ukishika spana vua saa na pete, maana spana ikiunganisha vichwa viwili hupitisha mamia ya ampea bila kukuuliza.

Tena, ole wao waliobuni kufunga redio na taa kwenye betri moja tu ya seti kwa sababu "inatoa volti 12". Betri hiyo inatumika zaidi ya wenzake kila siku lakini inachajiwa sawa nao, na ndiyo itakayokufa kwanza. Kipo kifaa cha kushusha volti za seti nzima hadi 12. Kifunge hicho.

Mengine ni mepesi. Tairi lenye upepo mdogo na breki inayoburuza hula chaji kimyakimya: nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono, usikie. Usipige kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, wala mota yenyewe kwa maji ya presha. Mota ya mkondo mnyoofu (DC) kwa kawaida ina brashi za kaboni zinazolika. Za mkondo geu (AC) kwenye vigari hivi hazina.

Wanaohamia lithiamu wananiambia wameepuka haya yote. Maji na kutu, ndiyo, na uzito pia. Lakini chaja ya zamani haiwafai, betri hizo hazitaki kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, na kama gari litakaa miezi bila kazi ni afadhali ziachwe kama nusu kuliko kujaa. Ile tabia ya kujaza daima, niliyoisifu hapo juu, huku inageuka. Ndiyo maana ushauri wa jirani mwenye betri tofauti na yako haufai kufuatwa bila kuuliza ana betri gani.

Na ukinunua kilichotumika, rangi na viti viache mwisho. Tazama alama ya tarehe kwenye kila betri. Zikitofautiana miaka, jua seti imeshachanganywa, na mpya itashushwa hadhi na kongwe. Omba kuliendesha hadi chaji ipungue, si kuzunguka tu uwanjani, kisha fungua vifuniko utazame maji mwenyewe. Muuzaji akisema hana ufunguo wa kufungulia kiti kinachofunika betri, toa gharama ya seti nzima ya betri kwenye bei yake kabla hamjaendelea na mazungumzo.