Kofia na helmeti hazileti kipara

Ndugu mwandishi, unasema kofia na helmeti za bodaboda ndizo zinazotumaliza nywele, na kwamba maji ya kitunguu huzirudisha. Sikubaliani nawe. Mimi ni wa Ujiji. Nywele zilianza kurudi nyuma nikiwa na miaka 27, nikajipaka mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, kila usiku kwa miaka miwili. Ngozi ililainika, nywele hazikuota. Baba ana kipara, na mjomba pia.

Mwaka 1942 mtafiti James Hamilton wa Marekani alionyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata kipara. Walipopewa homoni ya kiume, wale wenye vipara katika ukoo wakaanza kupukutika nywele. Yaani homoni imekutana na urithi, na urithi huo hutoka kwa baba na kwa mama. Kitunguu kilijaribiwa, ni kweli, ila kwa ugonjwa wa nywele kung'oka kwa mabaka ya duara, ambao mara nyingi hupona wenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni watoto wenye mapunye kupakwa kitunguu nyumbani. Mapunye ni fangasi, yanahitaji vidonge vya hospitali, tena kwa wiki kadhaa. Tafadhali, hilo liandikeni.