Mwenzetu Yuko Likizo, Mafaili Yanaendelea

Vijana wa nyumbani wakinitafuta kwenye simu, wengi wanaanza na swali lile lile: kaka, huko Ujerumani watu mnaamka saa ngapi? Nawaelewa. Zile video zinazozunguka na mimi naziona. Mtu kavaa suti, anakwambia waliofanikiwa wote wanaamka saa kumi alfajiri, wanaoga maji baridi, wanasoma kitabu kabla jogoo hajawika, na kwamba wewe unakwamishwa na usingizi wako. Ninapojibu kwamba Hamburg nakaa na watu wanaolala kama watu wengine, wanaofunga kompyuta saa kumi na nusu jioni, na kwamba Ijumaa mchana ofisi imeshapungua watu, kijana ananyamaza. Anahisi namficha siri.

Sina siri. Nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, na huku nafanya kazi inayokaribiana nayo sana. Kontena ni lile lile, karatasi zinafanana, na bandari haimwonei mtu huruma upande wowote: siku za kuweka kontena bure zikiisha, tozo zinaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo nikisikia wenzetu huku wametuzidi kwa kuchapa kazi, nakataa. Takwimu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalojumuisha hasa nchi tajiri, zinaonyesha mfanyakazi wa Ujerumani anafanya wastani wa takriban saa 1,340 kwa mwaka, na huo ni katika wastani wa chini kabisa kwa nchi wanachama. Sehemu ya sababu ni kwamba wengi, hasa akina mama, wanafanya kazi nusu siku. Hata hivyo, pale ofisini kwetu Dar watu walikuwa wanaingia gizani na kutoka gizani. Mvivu hakuwepo.

Wala usiniambie ni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa Mtanzania wiki ya kawaida isiyozidi saa 45, saa 12 za kupumzika kati ya siku moja na nyingine, dakika 60 za mapumziko akipitisha saa tano mfululizo kazini, na siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Mjerumani kisheria anapata saa 11 kati ya siku na siku, dakika 30 akizidisha saa sita, na likizo isiyopungua wiki nne, ambazo ukizihesabu pamoja na wikiendi ni siku 28 zile zile. Kwenye karatasi, kuna mahali tumewapita.

Tofauti niliiona mwenzangu wa meza ya pili alipokuwa anajiandaa kwenda likizo ya wiki tatu. Siku ya mwisho hakukimbizana na kitu. Alifungua jedwali ambalo kila faili lina mstari wake: namba ya kontena, limefikia wapi, anasubiriwa nani, karatasi gani haijaja, tozo zinaanza lini. Safu ya mwisho ndiyo iliyonishangaza, maana imeandikwa kinachoweza kuharibika. “Mteja huyu hutuma ankara isiyo na uzito wa mzigo, mpigie mapema.” Tukapitia mstari kwa mstari, kama nusu saa hivi. Kisha akazima simu ya kazi, akaitia kwenye droo, akaifunga. Kwa wiki tatu hakuna aliyemtafuta, na mizigo yake ikatoka. Jedwali lile halikuandikwa siku ile. Linajazwa kila jioni, kidogo kidogo, kabla ya kuondoka, na kazi hiyo inahesabiwa kuwa kazi.

Nyumbani likizo tunaijua. Umekaa kwenye sherehe ya mdogo wako, simu inaita: faili la yule mteja wa matairi uliliweka wapi? Unatoka nje, unaziba sikio moja, unaelekeza. Dakika kumi baadaye wanauliza nywila. Mwenzako naye akienda msibani Songea mahali ambapo mtandao unasumbua, kontena linalala, tozo zinapanda, na bosi anawafokea waliopo, ambao hawajui chochote kuhusu faili lile.

Watu wanauita huu uzembe. Mimi nauona ni hesabu iliyopigwa sawasawa. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi Dar alikuwa na kila kitu kichwani, na hakuwa akiandika hata mstari mmoja. Aliniambia wazi: ukimfundisha mtu yote, kesho anakaa kwenye kiti chako kwa nusu ya mshahara wako. Alikuwa na haki ya kuogopa. Sheria zote mbili zinamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu ya haki akishapita miezi sita, ingawa ya Ujerumani haigusi ofisi ndogo za watu kumi au chini ya hapo. Lakini kwetu wapo wengi wanaozungushwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na wengine hawajawahi kusaini karatasi yoyote. Mtu huyo ukimwambia aandike anayoyajua, umemwambia aweke ngao chini. Ndiyo maana wale wa suti wananiudhi. Wanamtwisha mtu mmoja, na saa yake ya kuamka, mzigo ambao ofisi nzima imekataa kuubeba.

Na kuandika kunamkuza mwandikaji mwenyewe. Ile safu ya mwisho ilinilazimisha kufikiri mbele, na baada ya muda nikaona makosa yale yale yanarudi kwa wateja wale wale. Nisingeliona hilo kichwani. Wanagenzi wa huku, ambao mafunzo yao huchukua kati ya miaka miwili na mitatu na nusu, wanaandika daftari la taarifa la yale wanayojifunza, msimamizi anasaini, na bila daftari hilo hawaruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Sisi tunayo logibuku ya mafunzo kwa vitendo, na sote tunajua inavyojazwa: usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, kwa kalamu tatu tofauti ili siku zionekane tofauti. Wanagenzi wa huku nao wanalimbikiza, nimewaona. Ila msimamizi anasoma, kisha anauliza.

Sitaki kuwapamba mno. Likitokea jambo lisilo kwenye utaratibu, huku watu wanaganda, wanasubiri mwenye mamlaka arudi, wakati Dar ningempigia mtu mmoja, shikamoo mzee, na njia ingepatikana kabla ya mchana. Tena unaweza kukaa meza moja na mtu muda mrefu bila kujua kama ana watoto. Jedwali halina safu ya hayo. Yule mzee wangu, pamoja na uchoyo wake wa kazi, alijua mama yangu anaumwa kabla sijamwambia.

Kwa hiyo wanaoniuliza saa ya kuamka, siku hizi nawapa swali la kwenda nalo kwenye usaili. Ukifika pale wanaposema “una swali lolote?”, uliza: nikienda likizo, mafaili yangu atayashika nani, na atajuaje yalipofikia? Binti mmoja aliuliza hivyo kwenye ofisi fulani Arusha. Wale waliokuwa wanamsaili wakatazamana, halafu mmoja akasema kwa kweli hapo huwa wanapigiana simu. Kazi aliipata, na ameniomba nimtumie lile jedwali. Nimemtumia likiwa tupu, safu ya mwisho nimeiwekea rangi.