Bomba likivuja, nani afundishwe kwanza?

Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye mfumo wa Kampuni ya Mabomba ya Kenya ikaingia mtaroni, mtaa wa Sinai, Nairobi. Watu walitoka na ndoo na majerikeni kuchota. Moto ulipolipuka, walikufa zaidi ya 100.

Wapo wanaosema fedha za maandalizi ziende zimamoto: povu, vifaa, mazoezi ya pamoja na wenye bomba. Hoja yao ina uzito. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa mitaroni. Gesi asilia, kama ile isafirishwayo kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, ni nyepesi, hupaa. Ukiuzima mwali wa gesi kabla vali haijafungwa, gesi inaendelea kutoka bila kuonekana, ikingoja cheche. Na vali yenyewe haifungwi kwa kubahatisha. Hiyo ni kazi ya mafundi wa bomba. Mambo haya hayaingii kwenye kipeperushi.

Wengine wanauliza: gari la zimamoto litafika saa ngapi? Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa inapita mashambani na malishoni. Wa kwanza kufika ni mfugaji, bodaboda, mwenyekiti wa kitongoji. Basi wafundishwe wao: usiwashe chombo chochote, kaa upande upepo unakotokea, ondoka, kisha piga simu ukiwa mbali.

Mimi nawaunga mkono hawa, ila si kwa yote. Wa Sinai hawakukosa elimu. Nani asiyejua kuwa petroli inawaka? Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu waliliendea vilevile. Mwenye njaa akiona mafuta ya bure, semina ya mwaka jana haimrudishi nyumbani. Atarudishwa na mtu anayemheshimu, au hata kumwogopa, aliyewahi kusimama kati yake na mtaro.

Kwa hiyo ningeanza na polisi, mgambo na viongozi wa mtaa, kazi yao ikiwa moja: kuondoa watu. Nao wajue kuwa gari la doria lililoachwa linanguruma kando ya mtaro linaweza kuwa ndilo kiberiti. Zoezi lijalo liwekewe umati wenye majerikeni, umati mbishi, tuone wanaondolewa kwa dakika ngapi.